Masasi ya Siku ya Mungu

Joyeuse wangu,

Huku Beni mvua inanyesha kila siku kisha midi, saa sita ikipita. Batoto ba masomo banamusalimia mama yako. Maharagi yake ya nyuma ya nyumba iliiva, nikavuna, nikakula peke yangu mu parcelle yote, ile kiwanja ya nyumba yenu na yangu.

Batu banasema jeu vidéo, ile michezo ya bunduki na masasi ya ku télé, inafundisha batoto kuua. Mimi ni mwalimu, hapana kubali. Mule ndani mutu anakufa, unafinya bouton, anaamuka. Ni wapi kwingine kwetu uliona vile? Jeu iko na kosa moja tu: sauti.

Joyeuse, ile Siku ya Mungu, kisha misa, sauti ya masasi yenye ilifanya mama yako abebe matela ya kulalia, na wewe sufuria ya mboga ya sombe ingali moto, ilitoka kwangu. Nilikuwa nacheza jeu, najaribu baffle mupya ya kukuza sauti. Batu ba avenue yetu yote balikimbia nyuma yenu. Nilipotoka inje na manette ya kuchezea mu mukono, mulikuwa mumeshapanda moto, pikipiki ya kwenda Butembo. Nikapata haya. Nikasema nitawaeleza kesho.

Kisha siku ine, masasi ya kweli ikakuja. Bauaji bakavunja mulango yenu, bakakuta hakuna mutu. Basi sijui tena kama ni samahani ndiyo nakuomba.

Kila mara unauliza kama huku ni kimya. Ni kimya, cherie. Siku hizi nacheza bila sauti.

Lakini usirudi.

Octave wako