Barua Niliyomsomea Mama

Mume wangu mdogo Rashidi,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Mgori tuko wazima. Babu yako amepeleka alizeti mnadani Ikungi, na najua atarudi na kofia nyingine.

Umeuliza ni nani asiye na upande, wa kuaminiwa anapoeleza vita na fedha zinazonunua silaha, maana kwenye simu kila mtu ana lake. Umekosa wenye akili mpaka ukanifikia mimi?

Vita vya Kagera vilinikuta darasa la tano. Kaka yangu Selemani alikuwa mstari wa mbele. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo barua za Selemani nilimsomea mimi. Siku moja aliandika: “Tumezika wenzetu wanne. Mwambieni Juma asijiunge.” Nikaogopa kumliza Mama, nikasoma: “Tuko salama, tunaimba tu.” Mama akapiga vigelegele. Juma, kaka yangu wa pili, akasema, “Kumbe wanastarehe! Nami naenda.” Nikanyamaza kwa kuogopa viboko.

Selemani alirudi. Juma hakurudi, na Mama alikufa bila kujua barua ile ilisemaje.

Mimi sikulipwa na serikali wala na muuza silaha. Nilimpenda Mama tu, nikadanganya. Sina jina la kukupa, mume wangu. Ukimpata wa kumsikiliza, chunguza anaogopa kumliza nani. Asiyeogopa nimemtafuta umri wote, sijamwona.

Bibi yako,
Mwanaidi