Kompilateri Bila Ruhusa ya Chérubin

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Nilimupa Chérubin masini yangu atoe vumbi kwenye feni. Vumbi tu! Leo ameirudisha — Windows hakuna. Ameweka Linux. Hakuniuliza. Eti virusi vilijaa, eti mainjinia wote wanatumia hiyo, nimushukuru. Muchumba gani huyu?

Faili zangu ameziacha, sawa. Lakini programu ya travay yangu ya kumaliza masomo, ile ya kupanga zamu za wauguzi, haifunguki: ilitengenezwa kwa Windows. Lazima niitengeneze upya, na kwa hiyo nahitaji kompilateri, ile inayogeuza maandishi yangu kuwa kitu masini inaelewa. Humu haimo. Nimeiita kwa jina lake, gcc. Jibu: amri haijulikani.

Jiri, wale walimu wa kunipima, inanikalisha Jumatatu ijayo, na wanataka kuona programu inatembea!

Jumanne, 5 Agosti 2025

Asubuhi umeme hakuna, wanasema kuna shida kwenye mitambo ya umeme huko Bendera. Mchana nimeenda kwenye sibere ya Elodie, duka lake la intaneti pale karibu na gare ya treni. Nimepakua kompilateri, furushi kubwa la maandishi yake ghafi. Nimerudi mbio, nimefungua, nimetoa amri ya kuijenga. Masini inasema haiwezi kuijenga: haioni kompilateri.

Yaani kutengeneza kompilateri kunahitaji kompilateri! Ni kama kuambiwa leta kuni zinazowaka ndipo tukuwashie moto. Nimepiga meza. Mama amekuja kuangalia kama nimeangusha sahani.

Jumatano, 6 Agosti 2025

Elodie amecheka. Kasema si ile, uchukue sehemu zilizokwisha kujengwa, kila moja katika furushi lake. Nimezileta kwa flashi. Ninasema weka — masini inaomba neno la siri la mukubwa wa masini.

Mukubwa gani? Mukubwa ni mimi!

Hapana. Mukubwa ni Chérubin. Aliweka neno lake, "kwa usalama wako". Nimemupigia simu. Alikuwa anacheka na vijana wa duka lake la simu.

"Neno nitakupa Jumamosi, wazee wakishatoka. Ama unataka wajomba zangu wakukute umejifungia na masini?"

Jumamosi wanakuja kujitambulisha kwetu. Nilikuwa ninafurahi, hata kitenge nimeshapeleka kwa mushonaji. Lakini masini hii nimeinunua kwa kusuka vichwa vya watu miaka miwili. Vidole vyangu hivi!

Mama anasema nisikuze maneno, Chérubin ni mutoto wa watu wazuri, ananichunga. Mimi ni mbuzi?

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Elodie kaniambia neno moja tu: furushi ni furushi, waweza kulifungua bila kuomba muntu ruhusa. Usipeleke vitu kwenye mafolda ya mukubwa. Mwaga kwenye folda yako.

Nimemwaga. Moja moja, kwa mukono. Nimeita gcc kwa njia yake yote, tangu mwanzo wa folda — imeitika! Imetaja toleo lake. Nimeruka.

Halafu nimeipa programu yangu. Faili ya stdio.h haionekani. Muntu anayejua lugha ya C atanielewa: ni kama mupishi anakwambia hajui maji. Furushi lingine tena. Sibere tena. Jua, vumbi la barabara, na Elodie amefunga, yuko kwenye matanga. Shenzi!

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Asubuhi Elodie amefungua, stdio.h imepatikana. Sasa kompilateri inamutafuta crt1.o, kifaili kingine cha kuanzishia programu. Nimelalamika kwa sauti, "Crt1.o yuko wapi!" na Mama akauliza huyo ni nani, mwanafunzi mwenzako?

Naye yuko! Ninamuona kwa macho, kwenye folda yangu. Kompilateri inapita mlango wa mukubwa tu, kwangu haiangalii. Nimesoma maelezo yaliyomo kwenye masini yenyewe mpaka kichwa kinauma: lazima niionyeshe njia kila mara. Nimeandika amri ndefu kama treni ya Nyunzu. Nimekosea herufi moja. Tena. Tena.

Chérubin amepita. Kasema najisumbua bure, neno si nitalipata kesho. Na kesho nisioneshe uso huo mbele ya wajomba, watasema nilikuwa ninalia.

Sikulia.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

IMETEMBEA! Saa nne asubuhi. Hakuna kosa hata moja. Zamu za wauguzi wote zimejipanga kwenye kioo cha masini. Nimekaa sakafuni nikacheka peke yangu.

Sasa wazee wako saloni, chumba chetu cha wageni. Ukuta huu ni mwembamba, nasikia yote. Mjomba wa Chérubin, Papa Barthélemy, ameuliza nasoma nini. Chérubin ndiye amejibu. Kasema informatique, mambo ya kompyuta, na kwamba travay yangu ingekufa kama si yeye, yeye njo alinitengenezea masini. Wazee wamemupongeza.

Mama ameingia kunichukua. Nimevaa kitenge chini, juu bado fulana. Hakunigombeza. Ameangalia kioo, akaniuliza polepole kama Chérubin alinipa lile neno.

"Hapana, Mama."

"Basi ulifanyaje?"

Nimemwambia. Amekaa kitandani, harudi saloni. Sijawahi kumuona anaacha wageni.

Chérubin anabisha mlango. "Consolate, fungua, wazee wanakungoja."

Mama amesimama, ameshika kitasa. Ameniangalia. Anauliza kwa macho: nifungue?

Naandika tu. Wangoje, nimalize mustari huu kwanza.