Nyasi za Mama Keji

Jumanne, 11 Machi
Nimeanza kuvunja matuta ya nyanya za msimu uliopita. Udongo mgumu kama tofali. Mabua bado yamesimama. Kesho nitayachoma.

Jumatano, 12 Machi
Nimefanya vibaya. Upepo uligeuka, moto ukaruka hadi kwa jirani yangu, Mama Keji. Rundo lake la nyasi kavu na samadi limeteketea lote. Alilikusanya kwa kubeba kichwani tangu Desemba ili afunike bustani kabla ya mvua. Alikuwa sokoni Koboko. Nilipiga moto kwa matawi, nyumba ikapona.

Aliporudi, watu walisema moto uliwashwa na wawinda panya. Nikanyamaza.

Alhamisi, 13 Machi
Sikulima.

Jumapili, 16 Machi
Kanisani Mama Keji alisimama. Alikimbia vita Sudan Kusini na watoto wawili. Leo alimshukuru Mungu kwa nyumba iliyobaki. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Mwoga mimi.

Jumatatu, 17 Machi
Nimemwambia. Alikuwa anapepeta mtama. Akaweka ungo chini.

"Baba Kiden, siku hizi zote unanisalimia tu?"

"Niliogopa."

"Nyasi ingine iko kule mtoni. Mundu hii hapa. Enda kata."

Hakunitazama tena. Nimeenda.

Ijumaa, 21 Machi
Siku ya tano mtoni. Viganja vimepasuka. Samadi ya mbuzi wangu nimempelekea yote, bustani yangu haina kitu. Wingu jeusi upande wa Kongo. Naogopa mvua itatutangulia.

Mchana Mama Keji alikuja na maji ya kunywa. Akabaki kufunga mizigo. Maneno machache. Yalinitosha.

Jumamosi, 22 Machi
Tumemaliza kwake. Nilichukua jembe niondoke.

"Unaenda wapi? Ya kwako bado."

Akajitwika mzigo wa nyasi, akatangulia kwenye bustani yangu. Samadi akaigawa nusu kwa nusu. Amenionyesha mabua yanakatwa na kulazwa juu ya udongo, hayachomwi. Nimelima miaka thelathini bila kujua hilo. Nilitaka kumshukuru vizuri, nikaishia kwenda kuchukua mzigo uliofuata.

Jumatatu, 24 Machi
Mvua asubuhi, ya polepole. Ilipokatika niliinua nyasi kidogo. Chini udongo laini, mweusi, na nyungunyungu mmoja. Nikamfunika tena.

Mama Keji alikuwa kwake, ameinama, anafanya vilevile. Tukapungiana mkono.