Konde la Sabaki Haliuzwi

Mambrui, kando ya mto Sabaki

Kwa kaka yangu Athmani, wa baba mmoja na mama mmoja, aliyeko Siu.

Shikamoo kaka. Nauliza kwanza hali ya mama. Miguu imepungua kuvimba? Na wifi, amejifungua salama? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila barua yako niliyoipokea Malindi dukani kwa Bwana Ramji imenikera hata nikashindwa kula. Waniambia nifunge mizigo nirudi Siu, na kwamba umekwisha kumwahidi Mbarak konde langu. Konde langu, kaka! Ni mahari yangu niliyopewa na marehemu mume wangu. Limekuwaje lako la kuahidi?

Najua Mbarak, jirani yangu, ndiye aliyekuandikia. Amekwambia nimeshikwa na wazimu, nimebomoa kazi ya wanaume. Sikiliza na upande wangu basi, maana wewe hujapata kuishi na mto, umezoea maji ya kisima.

Pembeni mwa makonde yetu pana ziwa dogo, na kati ya ziwa na mto pana mfereji. Haukuchimbwa na mtu. Viboko ndio walioufungua, kwa kupita kwenda malishoni na kuyakanyaga matete hata maji yakapata njia. Mto ukijaa, maji mekundu huingia ziwani, yakatanda makondeni, yakaacha tope laini. Yakipungua hurudi kwa njia ile ile, nasi hupanda mpunga juu ya tope. Kambare huja na maji hayo kutaga katika majani yaliyofurika, na vitoto vyao hula viluwiluwi vya mbu. Korongo na mnandi, ndege wa majini, nao huwala samaki. Hata mavi ya kiboko, uniwie radhi, ni chakula cha wadudu, na wadudu ni chakula cha samaki. Tope linalobaki huenda hadi baharini, kamba wakanenepa pale mlangoni mwa mto. Kila mmoja hapa anamlisha mwenziwe, na mimi nimo.

Basi kiboko mmoja aliukanyaga mpunga wa Mbarak. Hasira zikampanda, akawakusanya wanaume, wakauziba mfereji kwa nguzo, miiba na udongo ili kiboko asipite. Nilisema pale pale kwamba njia ya kiboko ndiyo njia ya maji. Walinicheka.

"Rudi jikoni, Mwanaesha," Mbarak akanambia mbele za watu. "Mambo ya mto tuachie sisi."

Ziwa likaanza kuoza. Maji yakawa ya kijani, kisha yakanuka. Samaki wakaja juu wakitweta, wakafa, na ndege wakahama. Waliostawi ni mbu tu, na watoto wa mtaa mzima wakalala na homa. Mto ulipofurika tuliuona ukipita mwekundu upande wa pili wa ule udongo, na makonde yetu yamekauka yanapasuka. Wanaume wakasema tusubiri. Tusubiri nini, na wakati wa kupanda unapita?

Nikamwendea Kadzo, jirani yangu wa Kigiriama aliyeolewa hapa kutoka Kakuyuni. Hakuningoja nimalize.

"Ngoja nitwae jembe," akasema. "Kwehu Kakuyuni mto haufungwi hivi. Unafungwaje na watu wanataka kula?"

Tukaenda mchana kweupe, kila mtu atuone. Tulichimba hata viganja vikachubuka. Mbarak akaja mbio.

"We mwanamke! Nani kakupa ruhusa?"

"Na wewe nani alikupa ruhusa ya kuziba?"

Akanyanyua bakora. Kadzo akasimama kati yetu, jembe begani, na ile bakora ikashuka yenyewe. Mara udongo ukakatika. Sisi tuliruka kando, lakini maji yalimkuta Mbarak pale pale yakamlowesha kanzu hadi kifuani. Nilicheka, kaka, wala sikujificha.

Kiboko amerudi. Amenikanyagia mpunga wangu wa ukingoni, nami nimemlaani vya kutosha, lakini simzibii njia. Nimezungusha miiba kwenye konde langu tu, na Kadzo nami tunapokezana kupiga debe kumfukuza. Maji ziwani yameng'aa, na homa inaanza kupungua. Mpunga wangu umefika magotini. Mbarak naye amepanda juu ya tope hilo hilo nililomfungulia, wala haoni haya. Bakora iliposhindwa kunitoa, ndipo akakuandikia wewe.

Nisalimie mama, umwambie nimemwekea mchele mpya. Nisalimie wifi na mtoto. Msalimie sana shangazi yetu aliyenilea, na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyenifundisha kuandika; mwambie elimu yake haikupotea.

Lakini kurudi, sirudi. Usitume mtu kunichukua. Na ukithubutu kumpa Mbarak konde langu, nitakwenda mbele ya kadhi wa Malindi. Ataniuliza mashahidi wa mahari yangu. Walikuwa wawili, na mmoja ameshakufa. Aliyebaki ni wewe, kaka. Utaapa nini?

Wasalamu,
dada yako, Mwanaesha binti Omari,
mkulima wa Sabaki