Kuku wa Ukurasa wa Mwisho

Dada,

Huku hatujambo, na mwanao ameng'oka jino la mbele. Kile kitabu cha picha ulichomtumia, cha kuku aliyelea kifaranga wa bata, ndicho ninachofundishia Kiingereza darasani kwake chekechea muhula huu. Kila wiki ukurasa mmoja: tunatazama picha, tunataja vilivyomo, tunatamka sauti za herufi.

Mwalimu mkuu analalamika kwamba wenzangu wako kitabu cha tatu, mimi bado nimekwama bandani mwa kuku. Nikamwambia watoto hawajaishika sauti ya "s". Uongo mtupu, darasa zima linafoka sss kama pango la nyoka. Ni kwamba ukurasa wa mwisho mama bata anarudi, na sikuwa na haraka ya kumfikisha mwanao hapo.

Maana ukipiga simu tu, ananisukuma kando kama pazia. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na homa zake je, anazijua nani?

Sasa umeandika kwamba unakuja kumchukua. Jana nimemkuta ameufungua ukurasa ule mwenyewe, anaunganisha sauti moja moja mpaka akaumaliza. Mimi ndiye niliyemfundisha, na mikono ilikataa kupiga makofi. Kisha akaweka kidole kwenye picha, pembeni kabisa.

"Mama mdogo, kuku anabaki na nani?"

Nimemwambia akuulize wewe ukifika. Kitabu ulikichagua mwenyewe.

Mdogo wako,
wa bandani