Krenki Niliyokataa Kuifunga

Chunya

Kwako mama yangu,

Kamwene, mama. Goti linaendeleaje? Na mahindi ya bondeni yameota, au bado mnatazama mawingu? Mimi mzima, vumbi la huku halijanishinda.

Najua kaka Fidelis amekwambia nimefukuzwa kazi, na kwamba nirudi Kalenga nikaolewe. Kufukuzwa ni kweli. Mengine sikia kwangu.

Injini ya pampu inayotoa maji kwenye shimo la dhahabu ilianza kugonga. Nikamwaga oili, nikakuta inametameta chembe za chuma. Nikafungua mpaka kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Beringi zake zilikuwa zimelika hadi shaba inaonekana. Krenki yenyewe nikaifuta, nikapitisha kucha, ikanasa kwenye mikwaruzo. Kuipima, shingo moja, pale beringi inapokaa, haikuwa duara tena.

Nikamwambia tajiri mwenye shimo, "Hii iende Mbeya ikachongwe, ndipo tuifungie beringi za saizi yake."

"Weka beringi mpya, funga. Kesho watu washuke."

"Juu ya krenki hii hazitakaa. Injini ikikwama watu wakiwa chini, maji yatawakuta humo humo."

"Binti, nilikuajiri ufunge, sio unihubirie."

Nikaweka spana chini. Akanifukuza mbele za watu, akaagiza fundi mwingine. Niliogopa, mama, sikufichi. Lakini nilichukua beringi moja nikaenda nayo kwa mama ntilie, wachimbaji wanapokunywa uji, nikawaonyesha. Mkubwa wao akaigusa ile shaba, akaniuliza, "Wewe ungeshuka?"

"Nisingeshuka."

Asubuhi hakushuka mtu, wala siku iliyofuata. Tajiri mwenyewe akaipakia krenki kwenye gari, akaipeleka Mbeya amenuna.

Kazi hakunirudishia, nami sikumwomba. Nimepanga kibanda karibu na stendi, na wachimbaji wale wale wameshaniletea injini ya kusagia mawe. Kwa hiyo sirudi, mama. Atakayetaka kunioa anifuate huku, anikute na oili mikononi.

Nisalimie babu, na shangazi muuza pombe ya ulanzi asiyeishiwa maneno. Mdogo wangu wa mwisho mwambie akifunga shule aje. Nafasi ya kulala ipo.

Ni mimi binti yako,
Fundi Veronika