Naogopa Mvua Itatangulia

Kwa Mzee Ondieki,
S.L.P. 41,
Keumbu, Kisii.
Jumapili, 14 Machi 1976.

Mpendwa Shangazi Nyanchera,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani mwako huko Tanga. Je, kifua cha mumeo, Bwana Thadeus, kimepona? Na binti yako Esnah anaendeleaje na masomo? Nimeandika kwa Kiswahili ili ajisomee mwenyewe, maana ulisema Kikisii kinamshinda. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mama yako. Habari zake nitazifikia.

Jua limetuzidi mwaka huu. Wimbi tulilipanda katika vumbi, nalo limekaa humo humo. Chai haichipui. Chemchemi ya karibu imebaki tope, kwa hiyo mama huteremka mtoni alfajiri. Kanisani tunaombea mvua kila Sabato.

Shangazi, kuna jambo limeninyima amani. Mwalimu wetu wa jiografia, Bwana Omwenga, alituletea gazeti lenye picha za miji ambayo wataalamu wanafikiri itajengwa angani. Mji una umbo la gurudumu kubwa, nao unazunguka. Watu watakaa ndani pamoja na mashamba yao, na watoto watazaliwa humo bila kuijua dunia. Mwalimu akatuuliza watu hao watakuwa na nyimbo gani, na ngoma gani. Darasa likacheka. Machogu, mtoto wa fundi baiskeli, akasema, "Watabeba redio, Mwalimu. Betri zikiisha waombe jua, si liko jirani?"

Unanijua, mimi si mtu wa kunyoosha mkono. Siku hiyo niliunyoosha, nikauliza mvua yao itatoka wapi. Mwalimu akasoma kwamba itafunguliwa na mtambo, kwa saa iliyopangwa. Nikaketi. Machogu akaninong'oneza, "Cleophas, unaogopa kunyeshewa?"

Nilikuwa nafikiria ribina. Wewe unaijua, lakini namweleza Esnah. Ni ngoma ya wanawake wetu. Jua likizidi, hupanda kilimani, wakaimba na kukanyaga ardhi mpaka mvua isikie. Sasa, pale ambapo mvua ni ya bomba, nani atapanda kilima? Wimbo usiohitajiwa na mtu si utakufa, hata kama hakuna aliyeukataza? Picha zile zinang'aa, Shangazi, lakini nilizitazama sana na sikuona watu waliokuwa wakingoja kitu pamoja.

Sasa habari za mama yako, Nyanya. Miguu yake imevimba, hatoki kitandani bila kushikwa. Yeye ndiye mwanzishaji wa nyimbo za ribina hapa kwetu, na mwitikiaji wake, mama Bathsheba, tulimzika Desemba. Wanawake vijana wanajua nyimbo za kwaya tu. Nyanya anasema aliyebaki ni wewe, kwa sababu ulipokuwa msichana alikupeleka kilimani ukaitikia pamoja na wanawake.

Mwaka jana, wakati wa mvua, niliazima mashine ya shule ya kunasa sauti nikaiweka karibu na kitanda chake. Aliisukuma kwa fimbo. "Unataka mvua ya mawe iangukie chai ya watu? Mgeni aliyekwisha kuingia nyumbani anaitwa tena?" Nikamwomba anifundishe maneno peke yake. Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe mvulana! Utafunga njuga usimame katikati ya wanawake?" Niliona aibu, nikairudisha mashine.

Wiki hii nilimsimulia habari za miji ya angani. Nilidhani atacheka tena. Badala yake aliuliza, "Watu hao wakikauka, wanamwita nani?"

Nikasema, "Wanabonyeza kitufe, Nyanya."

"Wote wanatoka nje wakabonyeze?"

"Hapana. Mtu mmoja."

Akasema, "Maskini." Kisha akanishika mkono. "Mwandikie Nyanchera. Jua bado lipo. Akija sasa nitaanzisha, naye ataitikia, hata kama mtanibeba mpaka mlangoni tu. Wasichana wasimame wasikie."

Ndiyo maana naogopa. Kila mtu hapa anaomba mvua, nami moyoni naomba isubiri. Baba anaposema Amina, nanyamaza. Najua ni vibaya, ghala letu limebaki sakafu, lakini wewe uko Tanga na mawingu yameanza kukusanyika juu ya vilima vya Manga. Nyanya hataimba mvua ikishafika, na sijui kama ataliona jua kali jingine. Fanya haraka, Shangazi. Ukipata barua hii

Nilikuwa nimefika hapo niliposikia mabati. Imenyesha, Shangazi. Watoto wanarukaruka uani. Mama amepanga sufuria kwenye michirizi na anacheka peke yake. Nilikimbilia kwa Nyanya. Aliomba mlango ufunguliwe, akatazama nje muda mrefu, akamshukuru Mungu. Kisha akageukia ukutani.

Basi njoo umwone tu, wakati wowote utakapoweza. Lakini nina ombi jingine. Huko Tanga nako kuna kiangazi. Kitakapowafikia, mtoe Esnah nje, umwanzishie wimbo, naye aitikie. Kama haelewi maneno, aitikie hivyo hivyo, maana yake itamfuata baadaye. Usitafute kilima. Nawaza kwamba siku moja mtoto wa mtoto wake atakaa ndani ya gurudumu lile, na naogopa sana awe huko na maji tele na asijue namna ya kumwita mtu yeyote.

Baba na mama wanakusalimu. Mdogo wangu Orpah anasema umletee nazi. Nyanya, nilipomwambia naifunga barua, alinyoosha mkono akaishika karatasi, akakaa nayo kifuani mpaka mvua ikapungua. Ndiyo sababu imekunjika.

Mungu awape maji, na awape wa kuwaitikia.

Mtoto wa kaka yako akupendaye,

Cleophas Ondieki